Mapitio: njia nne za kugawa viti vya bunge la nchi nyingi, na ipi ingeifaa EALA

Bunge la Afrika Mashariki (EALA) lilianza mwaka 2001 na wabunge 27 wa kuchaguliwa: Kenya tisa, Tanzania tisa, Uganda tisa. Leo nchi wanachama ni nane, viti vimefika 72, na hesabu ni ileile. Kongo yenye watu wapatao milioni 109 ina tisa. Sudan Kusini yenye milioni 12 ina tisa vilevile.

Njia nyingine zipo, na zimetumika kwingine kwa miaka mingi. Hapa tunapitia nne: usawa wa EALA, mapatano ya Bunge la Ulaya, kanuni ya Cambridge na fomula ya Marekani. Swali tulilolipa uzito kuliko mengine ni moja: mtu mwenye kikokotoo, asiye na mjomba katika wizara yoyote, anaweza kulipata jibu kabla wakubwa hawajakaa mezani? Njia isiyofaulu hapo ina kasoro, hata kama matokeo yake yanapendeza. Idadi za watu wa Afrika Mashariki tulizotumia ni makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024, kwa mamilioni yaliyokadiriwa: Kongo 109, Tanzania 69, Kenya 56, Uganda 50, Somalia 19, Rwanda 14, Burundi 14, Sudan Kusini 12. Jumla 343.

Tisa kwa tisa

Sifa kubwa ya njia hii ni kwamba haidai takwimu yoyote. Hakuna sensa ya kubishania, hakuna desimali, hakuna nchi inayopoteza kiti kwa sababu jirani yake amezaa sana. Mwanachama akiingia, viti tisa vinaongezwa na shughuli imekwisha: Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Aliyekuwa na tisa anabaki na tisa, ingawa uzito wake unayeyuka kimyakimya. Tanzania ilikuwa theluthi ya Bunge mwaka 2001. Sasa ni moja ya nane.

Namba tisa yenyewe ina faida ambayo wakosoaji wengi huiruka. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka wabunge wa kila nchi wawakilishe, kadiri inavyowezekana, vyama vilivyomo katika bunge la nchi hiyo, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Kwa viti tisa hilo linawezekana. Kwa viti viwili au vitatu, vyama vikubwa vinamaliza sahani na ibara inabaki mapambo.

Kasoro inaonekana wazi: mbunge mmoja wa Kongo anabeba watu milioni 12.1, wa Sudan Kusini milioni 1.3. Tofauti ya mara tisa. Lakini kabla ya kuiita kashfa, tazama Ulaya. Mbunge wa Ujerumani ana watu kama 867,000, wa Malta kama 87,000, yaani mara kumi. Mgawo usiojali watu kabisa umetoa tofauti ndogo kuliko mgawo unaotajwa kama mfano wa kuigwa! Hii si hekima ya EALA, ni maumbile ya nchi zenyewe. Ujerumani ni Malta mara 160. Kongo ni Sudan Kusini mara tisa tu. Kwa hiyo anayesema "tufanye kama Ulaya" kwa kulinganisha nchi ya juu kabisa na ya chini kabisa, hajapiga hesabu.

Watanzania wana kipimo chao nyumbani. Katika Bunge la Muungano, Zanzibar ina majimbo 50 kwa watu 1,889,773 wa sensa ya 2022, wastani wa watu kama 37,800 kwa jimbo. Bara, kwa majimbo 222 ya uchaguzi wa 2025, wastani unakaribia 270,000. Ni mara saba, bila kuhesabu wabunge watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Mdogo akiingia katika muungano lazima apewe kitu cha kumfanya asimezwe. Ubishi ni kiasi gani, na nani anakiandika.

Bunge la Ulaya: jibu lipo, njia haipo

Ibara ya 14 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inaweka uzio: wabunge wasizidi 750, ukimwongeza Rais wa Bunge, nchi isipate chini ya 6 wala zaidi ya 96, na mgawo ufuate uwiano unaopungua. Maana yake nchi yenye watu wengi isipate viti vichache kuliko yenye watu wachache, lakini kila mbunge wake abebe watu wengi zaidi.

Hilo la "ukimwongeza Rais" lina kisa chake. Mwaka 2007 Italia ilipangiwa viti 72, Uingereza 73 na Ufaransa 74. Italia ikakataa kuwa chini ya Uingereza, ikapewa kimoja zaidi, na ili 750 isivunjwe ikaandikwa kwamba Rais hahesabiwi. Kanuni za mgawo wa Ulaya nyingi zimezaliwa hivyo: kwanza jibu, halafu sababu.

Mgawo wa 2024 una viti 720. Ujerumani 96, Ufaransa 81, Italia 76, Hispania 61, Poland 53, Romania 33, Uholanzi 31. Katikati kuna kundi la viti 21: Ugiriki, Ureno, Sweden, Hungaria na Czech. Mkiani ni Malta, Luxembourg na Cyprus, sita kila moja. Tumeupima kwa masharti ya mkataba na kwa jumla unafaulu.

Tatizo ni kwamba huwezi kuuzalisha tena. Uamuzi wa Septemba 2023 uliouweka ni orodha ya nchi na namba, basi. Masharti yanakuambia jibu fulani limekosea. Hayakupi jibu sahihi, kwa sababu orodha nyingi tofauti zinaweza kuyatimiza. Tena uwiano unaopungua unapimwa kabla ya desimali kukatwa, wakati orodha isiyo na fomula haina desimali za kupima.

Imewezekanaje basi bila vita? Kwa kuongeza. Uingereza ilipotoka mwaka 2020 iliacha viti 73. 27 vikagawiwa wengine, 46 vikawekwa akiba, Bunge likabaki na 705. Mwaka 2023 vikatolewa 15: Ufaransa, Hispania na Uholanzi viwili kila moja, na nchi nyingine tisa kimoja kimoja. Hakuna aliyepoteza. Lakini akiba iliyobaki hadi 751 ni viti 31, na Ukraine peke yake, kwa idadi ya watu ya kabla ya vita, ingeangukia kati ya Poland yenye 53 na Hispania yenye 61. Siku hiyo orodha ya mkono itakwama, na kila nchi itagundua ghafla kwamba inapenda hesabu.

Alama zetu: matokeo 7 kati ya 10, njia 3.

Kanuni ya Cambridge

Hii ndiyo tuliyoipenda, kwa hiyo tunaikalia zaidi. Januari 2011 kundi la wataalamu wa hisabati na siasa, likiongozwa na Geoffrey Grimmett, lilikutana Cambridge kutafuta kanuni kwa ajili ya Bunge la Ulaya. Walitoka na kitu cha mstari mmoja: kila nchi ipewe viti 5 vya msingi, kisha idadi ya watu wake igawanywe kwa kigawanyo kimoja kwa wote, jibu lipandishwe hadi namba nzima inayofuata, vijumlishwe, na asizidi mtu 96. Kwa kuwa kila jibu hupandishwa, hata nchi ndogo kabisa inapata 5 na 1, na sita za mkataba zinatimia zenyewe bila sharti la pembeni.

Kwa EALA yenye viti 72 kazi yote ni ya dakika chache katika Excel. Weka watu kwenye safu ya B, kigawanyo kwenye D1, na fomula =5+ROUNDUP(B2/$D$1,0) ishuke chini. Viti vya msingi vinakula 40, vinabaki 32. Wengi huanza kwa kugawanya 343 kwa 32 na kupata 10.7, halafu wanashangaa jumla inaruka hadi 77. Ni kawaida: kila nchi imepandishwa, kwa hiyo kigawanyo lazima kiwe kikubwa zaidi. Jaribu 12, jumla inashuka hadi 73. Jaribu 12.3, inatua 72. Kigawanyo chochote kati ya 12.2 na 12.4 kinatoa jibu lilelile, kwa hiyo hakuna nafasi ya mtu kuchagua desimali inayompendeza.

Matokeo: Kongo 14, Tanzania 11, Kenya 10, Uganda 10, Somalia 7, Rwanda 7, Burundi 7, Sudan Kusini 6. Mbunge wa Kongo sasa anabeba milioni 7.8 na wa Sudan Kusini milioni 2. Kutoka mara tisa hadi chini kidogo ya mara nne. Nchi nne za juu zinaongeza viti tisa, nne za chini zinapoteza tisa.

Makosa mawili hujirudia kwa wanaoijaribu. La kwanza ni kuandika ROUND badala ya ROUNDUP. Hapo kiti cha sita cha nchi ndogo hakina tena uhakika, kwa sababu jibu lililo chini ya nusu linakatwa na nchi inabaki na tano. La pili ni kusahau kwamba nchi ikigonga dari, kigawanyo lazima kitafutwe upya, maana viti vilivyokatwa kwake vinahamia kwa wengine. Kwa EALA ya 72 dari haihitajiki.

Mbona Ulaya waliiacha? Kwa sababu iliwaumiza wa katikati. Kwa viti 751 vya wakati ule kigawanyo kilikuwa kama 819,000. Czech, iliyokuwa na viti 22, ingeshuka hadi 18. Ufaransa ingefika 85. Wa katikati ni wengi, na uamuzi wenyewe unahitaji kauli moja ya nchi zote. Hilo si kosa la hisabati, ila mnunuzi alijue mapema.

Uzuri wake ni kwamba ugomvi wote unahamia kwenye namba moja, ile ya msingi. Ukiweka 3 badala ya 5, kwa kigawanyo cha 7.7, Kongo inapata 18, Tanzania 12, Kenya 11, Uganda 10, Somalia 6, na Rwanda, Burundi na Sudan Kusini tano kila moja. Mnabishana kuhusu 3 au 5, mnamaliza, mnakwenda kula.

Ndugu yake wa karibu yupo Afrika tayari. Bunge la ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, lilijengwa kwa viti 115: tano kwa kila nchi kati ya 15, na 40 vilivyobaki kwa kufuata watu. Nigeria ilipata 35, Ghana 8, Côte d'Ivoire 7, na zilizobaki sita au tano. Nigeria ina zaidi ya nusu ya watu wa eneo lile, na ilitulia na asilimia 30 ya viti hivyo 115. Burkina Faso, Mali na Niger, zilizotoka rasmi Januari 2025, zilikuwa na sita kila moja, na kuondoka kwao hakukulazimisha kugusa msingi wa nchi nyingine.

Alama: njia 9, kuuzika kisiasa 5.

Fomula ya Marekani

Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, na tangu 1941 vinagawiwa kwa njia moja. Kila jimbo kati ya 50 linapewa kiti kimoja. Vinabaki 385, vinavyotolewa kimoja kimoja kama mnada. Kwa kila kiti ambacho jimbo lingeweza kufuata, chukua watu wake, gawanya kwa kipeuo cha pili cha namba ya kiti hicho ikizidishwa kwa namba iliyoitangulia. Mwenye jibu kubwa anachukua, mnarudia.

Itazame kiti cha mwisho cha sensa ya 2020. Minnesota, watu 5,709,752, ilikuwa inatafuta kiti cha nane: gawanya kwa kipeuo cha pili cha 56, unapata 762,998. New York, watu 20,215,751, ilikuwa inatafuta cha 27: gawanya kwa kipeuo cha pili cha 702, unapata 762,994. Minnesota ikashinda. New York ingekuwa na watu 89 zaidi, na wengine wasibadilike, kiti kingekuwa chake. Hakuna gavana aliyepigiwa simu, hakuna mkutano wa usiku; mtu yeyote aliweza kurudia hesabu hiyo jioni ileile. Hapo ndipo fomula inapolipa gharama yake.

Waliwahi kutumia njia nyepesi zaidi: gawanya watu kwa wastani, toa namba nzima, na viti vilivyobaki wape wenye desimali kubwa. Ikawaumbua. Walipokokotoa mabunge ya ukubwa mbalimbali kwa sensa ya 1880, Alabama ilikuwa na viti 8 katika bunge la 299, ila katika bunge la 300 ilibaki na 7. Kiti kimeongezwa, mtu amepunguziwa. Yeyote anayependekeza "mabaki makubwa" kwa EALA, ambayo ukubwa wake hubadilika kila nchi inapoingia, aonyeshwe Alabama kwanza.

Hata fomula ya sasa haifuti vijembe. Montana, watu 1,085,407, ina viti viwili. Delaware, 990,837, ina kimoja. Viti vikiwa vichache na kila jimbo lazima lipate namba nzima, kuna atakayelalamika.

Kwa EALA inatoa: Kongo 23, Tanzania 14, Kenya 12, Uganda 10, Somalia 4, na Rwanda, Burundi na Sudan Kusini tatu kila moja. Sasa jumlisha Kongo na Tanzania: 37 kati ya 72. Nchi mbili zinatosha kupitisha muswada wowote kwa wingi wa kura, na nyingine sita zikae zikitazama. Kwa Cambridge, nchi tatu za juu zina 35, kwa hiyo lazima nchi nne zikubaliane. Kwa tisa kwa tisa, lazima tano. Marekani inaimudu fomula hii kwa sababu Seneti yake inampa kila mmoja viti viwili. EALA ina chumba kimoja tu. Kuichukua fomula bila Seneti ni kununua nusu ya mashine.

Alama: njia 10, kwa EALA 2.

Takwimu ndizo zitakazokwamisha

Tanzania na Rwanda zilihesabu watu 2022, Kenya 2019, Uganda na Burundi 2024. Sudan Kusini ilihesabiwa mara ya mwisho 2008, kabla hata ya kuwa nchi. Kongo, yenye karibu theluthi ya watu wote wa Jumuiya, haijafanya sensa tangu 1984. Milioni 109 ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Tukajaribu kuishusha Kongo hadi milioni 95, wengine wabaki walivyo. Kwa fomula ya Marekani inatoka 23 hadi 21. Tanzania na Uganda zinaongeza kimoja kimoja. Kwa Cambridge inatoka 14 hadi 13, na kiti kinakwenda Sudan Kusini. Kosa la watu milioni 14 linagharimu kiti kimoja tu, kwa sababu viti 40 vya msingi havigusi takwimu. Kwa eneo lenye takwimu kama hizi, hiyo ni sababu nzito kuliko hoja zote za haki.

Tungechukua ipi

Cambridge, lakini si kwa msingi wa 5. Marekebisho ya Mkataba wa Jumuiya yanahitaji kuridhiwa na nchi zote, na hakuna serikali itakayotia saini kupunguziwa viti vitatu. Weka msingi 8, kigawanyo kilekile cha 12.3. Inatoka Kongo 17, Tanzania 14, Kenya 13, Uganda 13, Somalia, Rwanda na Burundi 10 kila moja, Sudan Kusini 9. Jumla 96. Hakuna anayeshuka chini ya tisa, Ibara ya 50 inabaki na maana, bado zinahitajika nchi nne kupata wingi, na tofauti ya mzigo kati ya mbunge na mbunge inashuka kutoka mara tisa hadi chini ya mara tano. Gharama ni mishahara, posho na tiketi za wabunge 24 wa ziada, kwa Jumuiya ambayo michango yake huchelewa. Si kidogo.

Katika mkataba yaandikwe wazi: chanzo cha takwimu na tarehe yake, namba ya msingi, neno "kupandisha", na mgawo kurudiwa kila baada ya vipindi viwili vya Bunge, wala si kila nchi inapojisikia. Idadi ya viti vya kila nchi isiandikwe, iandikwe fomula.

Na akidi iangaliwe upya siku hiyohiyo. Ibara ya 57 inataka nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, wakiwemo angalau theluthi kutoka kila nchi. Kwa tisa, theluthi ni watatu kwa kila mmoja. Kwa mgawo mpya Kongo italazimika kuleta sita, Kenya na Uganda watano, Sudan Kusini watatu. Mwaka 2017 Bunge jipya lilichelewa kwa miezi sita likisubiri Kenya ichague wabunge wake, na sharti la kila nchi kuwepo lingebaki palepale hata viti vikigawiwa kwa ustadi namna gani.